Baraka za Mungu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kwenye jumuiya, kwenye mafundisho ya ubatizo na kipaimara, na nje ya kanisa baada ya ibada, hapa Kigoma mjini, Ujiji, Kasulu, Kibondo na vijiji vya mwambao. Wakatoliki, Waanglikana, Wamoraviani, Walutheri na Wapentekoste hawafanani katika kila jambo, na pale wanapotofautiana tumesema wazi. Mistari ya Biblia ni ya Union Version.

## Maana ya neno

Baraka ni nini hasa?

Ni Mungu kumgeukia kiumbe wake kwa wema na kusema neno ambalo lina nguvu ya kutimiza kinachosemwa. Sisi tukimwambia mtu "ubarikiwe" tunaomba. Mungu akisema, inakuwa.

Ukitaka kuiona baraka yote kwa mara moja, soma Hesabu 6:24-26, maneno ambayo Haruni na wanawe waliagizwa kuyatamka juu ya Israeli: "BWANA akubarikie, na kukulinda, BWANA akuangazie nuru za uso wake, na kukufadhili, BWANA akuinulie uso wake, na kukupa amani." Uso wa Mungu umetajwa mara mbili. Ng'ombe, shamba na fedha havikutajwa, ingawa ulinzi na amani vinagusa hata hayo. Mstari wa 27 unaeleza kazi ya kuhani ilikuwa nini: kuliweka jina la Mungu juu ya watu, "nami nitawabarikia". Kuhani hutamka, anayebariki ni Mungu. Karibu makosa yote tutakayoyataja chini yanaanza pale mstari huo unaposahauliwa.

Baraka, heri, neema na bahati ni kitu kimoja?

Hapana. Neno letu *baraka* tumelipata kwa Kiarabu, nalo ni ndugu wa *berakha* la Kiebrania: mzizi ni mmoja, b-r-k. Ndiyo maana Mwislamu wa Ujiji na Mkristo wa Kasulu wanalitumia bila kuhitaji mkalimani. *Heri* ya Mathayo 5 ni neno jingine. Kwa Kigiriki ni *makarios*, hali ya mtu ambaye mambo yake yako sawa mbele za Mungu hata kama leo analia. *Neema* ni upendeleo ambao hukuufanyia kazi, nayo ndiyo chemchemi ambayo baraka hutoka. *Bahati* haina mtoaji, kwa hiyo huwezi kuishukuru wala kuiomba.

Baraka ya kwanza katika Biblia alipewa nani?

Samaki na ndege, Mwanzo 1:22, kabla ya mwanadamu. Watu wa ziwani tuushike mstari huu, tutaurudia kwenye swali la ziwa kufungwa.

Zaburi inasema "umhimidi Bwana". Mwanadamu anawezaje kumbariki Mungu?

Katika Kiebrania ni kitenzi kilekile cha kubariki. Mungu akimbariki mtu, anampa. Mtu akimbariki Mungu, anamrudishia sifa. Watafsiri wetu waliona vema kuandika "himidi" ili msomaji asidhani Mungu anaongezewa kitu. Ni mwendo wa kwenda na kurudi, na asiyerudisha sifa amepokea nusu.

## Mali, ziwa na shamba

Mtu akifanikiwa, hiyo si dalili kwamba amebarikiwa?

Inaweza kuwa, na inaweza isiwe. Biblia haioni haya kuita mvua, mifugo, watoto na mavuno baraka. Soma Kumbukumbu la Torati 28 au Zaburi 128. Lakini Biblia hiyohiyo ina Ayubu, mtu mwelekevu aliyepoteza vyote, na Zaburi ya 73, ambamo mtunzi anakiri kwamba aliwaonea wivu wenye kiburi kwa sababu walikuwa wamenenepa. Yesu anasema Baba "huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki" (Mathayo 5:45). Mvua ikinyesha Buhigwe hairuki shamba la mlevi.

Basi mali haitoshi kuwa kipimo. Waefeso 1:3 husema tumekwisha kubarikiwa "kwa baraka zote za rohoni" ndani ya Kristo, kisha sura inaendelea kuzitaja: kuchaguliwa, kufanywa wana, kukombolewa, kusamehewa, kutiwa muhuri kwa Roho. Hizo anazo muuza ndizi aliye ndani ya Kristo sawa na mwenye maduka aliye ndani ya Kristo. Ukitaka kujua mali fulani imekaa kama baraka, uliza imepatikanaje na inamfikia nani. Ibrahimu aliahidiwa kwamba Mungu atambariki, na katika sentensi hiyohiyo akaambiwa "nawe uwe baraka" (Mwanzo 12:2).

Nyavu zinarudi tupu, na ziwa linafungwa. Tumelaaniwa?

Kabla ya kutafuta laana, tafuta sababu iliyo karibu. Usiku wa mbalamwezi dagaa hawakusanyiki kwenye taa, na kila mvuvi wa Kibirizi au Katonga anajua hilo kuliko mchungaji wake. Nyavu za macho madogo huchukua samaki wachanga, halafu mwaka unaofuata hakuna wazazi. Kumwita mtumishi aombee mtumbwi huku nyavu zilezile ziko ndani ni kumwomba Mungu abariki kile tunachokiua.

Kuhusu kufunga ziwa: mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Ilikuwa miezi migumu kwa nyumba nyingi, na uchungu huo haupaswi kufunikwa kwa mahubiri. Hata hivyo, isomwe Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Ukikuta kiota, chukua makinda, umwache mama aende, ili ufanikiwe na siku zako ziwe nyingi. Ahadi ya baraka imefungwa kwenye kumwacha mzazi wa kiumbe aende zake. Samaki walibarikiwa wazae na kujaza maji, na kuwapa nafasi wazae ni kukubaliana na baraka yao.

Fungu la kumi nalihesabuje?

Kumbukumbu la Torati 14:22 inasema zaka itoke katika *maongeo* ya mbegu, yaani kilichoongezeka. Kwa msingi huo walimu wengi hutoa gharama za uzalishaji kwanza. Wengine hufundisha kutoa kwenye mapato yote kabla ya kukata chochote. Uliza kanisa lako, kisha amua na utulie.

Mfano wa hesabu kwa njia ya kwanza. Mauzo ya usiku mmoja ni shilingi 400,000. Mafuta na matumizi ya safari ni 150,000, inabaki 250,000. Mmekubaliana nusu ya mwenye chombo na nusu ya wavuvi watano: mwenye chombo 125,000, kila mvuvi 25,000. Mwenye chombo anatoa 12,500 na kila mvuvi 2,500. Kosa linalotokea sana ni mwenye chombo kukata zaka ya 400,000 yote kabla ya kugawa, kisha wavuvi kutakiwa kutoa tena kanisani kwao. Fedha hiyohiyo imetozwa mara mbili, na ya kwanza imetolewa kwa jasho la wengine bila ridhaa yao.

Mkopo wa kikundi si maongeo, ni deni; usiutolee zaka. Mwenye gunia 12 za mahindi ambaye 2 ni za kulipa mbolea aliyokopa, maongeo yake ni 10, zaka yake ni gunia 1. Kanisa Katoliki halimfungi muumini kwa sehemu ya kumi kamili; linamtaka alitegemeze kanisa kadiri ya uwezo wake.

Jambo linalosahauliwa mno: kila mwaka wa tatu zaka ilibaki kijijini ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe, "ili BWANA, Mungu wako, akubarikie" (Kumbukumbu 14:28-29). Mkoa huu umepokea wageni wengi kutoka ng'ambo ya mpaka kwa miongo mingi. Mstari huo unatuhusu moja kwa moja.

Lakini Malaki 3:10 inasema tumjaribu Mungu kwa zaka. Si mkataba huo?

Malaki anasema na taifa lililokuwa likizuia chakula cha Walawi. Zaka iletwe ghalani "ili kiwemo chakula katika nyumba yangu". Ahadi ya madirisha ya mbinguni ni ya kweli, na Mungu ni mkarimu kwa mkono uliokunjuka. Lakini hakuna mahali ambapo mtu anaweza kumpelekea Mungu risiti. Agano Jipya linaweka kipimo cha kutoa katika 2 Wakorintho 9:7: "si kwa huzuni, wala si kwa lazima".

Nimeambiwa nipande mbegu ya fedha kwa mtumishi ili nifunguliwe baraka. Nifanye nini?

Usitoe kwa sharti hilo. Paulo anapozungumza juu ya kupanda na kuvuna katika 2 Wakorintho 9, fedha ilikuwa inakwenda kwa maskini wa Yerusalemu, na sura ya 8 inaonyesha jinsi alivyoweka watu kadhaa kuisimamia ili asilaumiwe. Simoni alipotaka kununua uwezo wa kuwekea watu mikono, Petro alimjibu: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe" (Matendo 8:20). Gehazi, mtumishi wa nabii Elisha, alipokimbilia talanta na mavazi ya Naamani baada ya uponyaji uliotolewa bure, ukoma wa Naamani ulimshika yeye (2 Wafalme 5).

Dalili za kukufanya usimame: kiasi kimetajwa, muda umewekwa ("kabla ya saa sita usiku"), namba ya kutuma fedha ni ya mtu binafsi, na umeonywa usimwambie mume, mke au wazee wa kanisa. Moja tu inatosha. Kumtunza mchungaji ni wajibu mzuri, na hufanyika mchana, hesabu ikisomwa mbele ya washarika.

## Kubariki watu na vitu

Nani anaruhusiwa kubariki?

Kila Mkristo, kwa maana ya kumwombea mwenzake mema: "barikini, wala msilaani" (Warumi 12:14). Tofauti inaanza kwenye baraka ya ibada. Kwa Wakatoliki, kadiri baraka inavyogusa maisha ya Kanisa na sakramenti ndivyo inavyoachiwa askofu, padri au shemasi; baadhi ya baraka walei wanaweza kuongoza. Kwa Waanglikana, padri husema "iwe nanyi", na msomaji asiye padri husema "utubariki" au hutumia neema ya 2 Wakorintho 13:14. Wapentekoste wengi humwachia mchungaji kwa utaratibu, bila kusema wengine hawawezi.

Namna ya kumbariki mtoto wangu

Hakuna anayepaswa kukusubirisha hapa. Mzazi ndiye wa kwanza.

Mwite kwa jina lake. Weka mkono kichwani, au begani kama amekua na anaona haya. Tamka Hesabu 6:24-26, kisha ongeza jambo moja la kwake: mtihani, safari, afya. Wakatoliki humchora ishara ya msalaba kwenye paji la uso. Mtoto ajibu "Amina". Dakika moja imekwisha. Asubuhi kabla ya shule ni wakati mzuri, na siku ya kwenda bweni usikose kabisa.

Kinachoharibu ni kugeuza baraka kuwa kikao: "Mungu akubariki, usiwe kama mjomba wako." Mtoto atakachokumbuka ni mjomba. Kosa jingine ni kumbariki aliyefaulu na kumruka aliyefeli. Yesu aliwakumbatia watoto, "akaweka mikono yake juu yao, akawabarikia" (Marko 10:16), na hakuna aliyeulizwa alama.

Kubariki nyumba kunakwendaje?

Zungumza na mwenyekiti wa jumuiya au mzee wa kanisa wiki moja au mbili mapema. Andaa meza ndogo, kitambaa safi, Biblia, na kwa Wakatoliki msalaba, mshumaa, lita moja ya maji kwenye bakuli na tawi dogo la majani mabichi la kunyunyizia. Mtiririko wa kawaida:

1. Salamu na wimbo mlangoni.
2. Somo: Luka 10:5-9 ("Amani iwemo nyumbani humu") au 19:1-10, Zakayo.
3. Maombi ya wenyeji kwa maneno yao wenyewe.
4. Sala ya baraka, kisha kupita kila chumba, jikoni na chooni pia.
5. Baba Yetu na baraka ya mwisho juu ya watu.

Nusu saa inatosha. Mpangaji wa chumba kimoja ana haki ileile. Usingoje nyumba ya kwako. Watu wengine huahirisha miaka kwa sababu hawajapata fedha ya pilau. Chai inatosha.

Kinachokwamisha zaidi ni hirizi iliyobaki juu ya mlango au chini ya kizingiti "kwa tahadhari". Iondoeni kwanza, mbele ya familia yote. Yoshua 24 haikuacha nafasi ya kutumikia huku na huku.

Na mtumbwi, injini au bodaboda?

Ndiyo, vitu vya kazi hubarikiwa. Usomwe Marko 4:35-41, Yesu akituliza dhoruba. Kinachoombewa ni watu watakaovitumia na kazi watakayofanya. Baraka haichukui nafasi ya jaketi la kuokolea, kofia ngumu au breki. Chombo kilichobarikiwa asubuhi na kupakiwa kupita kiasi mchana kinazama kama kingine.

Mafuta ya kupaka mgonjwa lazima yawe ya zeituni? Huku tuna mawese.

Yakobo 5:14 inasema mafuta tu, na wazee wa kanisa ndio wanaoitwa. Kwa karne nyingi Wakatoliki walitumia zeituni peke yake. Mwaka 1972 Papa Paulo VI aliruhusu mafuta mengine, mradi yatokane na mimea. Kwa hiyo mafuta ya michikichi ya Kigoma yanafaa kwa asili yake. Askofu huyabariki mafuta ya wagonjwa katika Juma Kuu, na padri anaweza kuyabariki ndani ya adhimisho lenyewe ikilazimu. Makanisa mengine mengi hayana sheria ya aina ya mafuta. Mgonjwa aendelee na dozi yake ya hospitali.

Chumvi na maji ya baraka vina nguvu ndani yake?

Havina. Elisha alitupa chumvi kwenye maji ya Yeriko, lakini alisema: "BWANA asema hivi, Nimeyaponya maji haya" (2 Wafalme 2:21). Chumvi ile haikutofautiana na ya Uvinza. Kwa Wakatoliki maji ya baraka ni kumbukumbu ya ubatizo, na hayauzwi. Makanisa mengi ya Kiprotestanti hayatumii vitu hivi, kwa hofu kwamba mtu ataanza kukitumaini kitu. Hofu hiyo ina msingi: nyoka wa shaba, aliyetengenezwa kwa amri ya Mungu, alivunjwa na Hezekia kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba (2 Wafalme 18:4).

## Maswali magumu

Mzazi wangu aliniachia radhi, yaani laana, kabla ya kufa. Nimefungwa?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na tunalijibu kwa uzito.

Neno la mzazi lina uzito mkubwa. Kutoka 20:12 imefunga siku nyingi na heshima kwa baba na mama. Basi jiulize kwanza kama kulikuwa na kosa la kweli. Kama lilikuwepo, litubu kwa jina lake, na rekebisha kinachorekebishika: deni lilipe, shamba rudisha, ndugu uliyemnyang'anya mkalishe chini mbele ya mzee wa ukoo na mzee wa kanisa.

Kama hukukosa, au umekwisha kutubu, sikia Mithali 26:2: "laana isiyo na sababu haimpigi mtu", inatangatanga kama shomoro. Balaamu aliletwa na mfalme Balaki kwa malipo ili awalaani Israeli, akashindwa: "Nimlaanije, yeye ambaye Mungu hakumlaani?" (Hesabu 23:8). Na Wagalatia 3:13-14 inasema Kristo alifanywa laana kwa ajili yetu ili baraka ya Ibrahimu itufikie. Kristo hajaacha kipande cha laana ili mtu fulani akuondolee kwa shilingi laki mbili. Anayekudai malipo ya kuvunja laana ya ukoo, rudi kwenye swali la kupanda mbegu.

Isaka alidanganywa na mwanawe Yakobo aliyejifanya Esau. Kwa nini hakuibatilisha baraka ya Yakobo?

Kwa sababu haikuwa yake kuirudisha. "Naam, naye atabarikiwa", alisema akitetemeka (Mwanzo 27:33). Lakini udanganyifu ulidai gharama: Yakobo alikimbia nyumbani, naye akadanganywa na mjomba wake Labani. Baadaye, kijitoni mwa Yaboki, aliulizwa jina lake, na safari hii alijibu ukweli kabla ya kubarikiwa (Mwanzo 32:27-29).

Tumeoana miaka minane hatuna mtoto. Tumenyimwa baraka?

Zekaria na Elisabeti "walikuwa wenye haki mbele za Mungu", na mstari unaofuata unasema hawakuwa na mtoto (Luka 1:6-7). Biblia imeyaweka hayo mawili pamoja ili mtu asiyatenganishe kwa ulimi wake. Isaya 56 inawaahidi matowashi, watu wasio na uzao, jina lililo jema kuliko wana na binti.

Nendeni hospitali *wote wawili*, kwa sababu tatizo linaweza kuwa la mume, la mke au la wote. Ndugu wa mume wanaomwita mke "mti mkavu" wanatenda dhambi, na mchungaji ana wajibu wa kuwaambia hivyo wakiwa wamekaa sebuleni. Anayewaombea awaombee bila kuwatangazia tarehe.

Naweza kumbariki jirani Mwislamu, au kupokea baraka yake?

Mbariki. Yesu alituagiza kuwabariki hata wanaotulaani, sembuse aliyekuletea futari. Sheria ya Kanisa Katoliki inaruhusu asiye Mkatoliki kupewa baraka, pasipo katazo maalumu. Naye akikuombea heri kwa Mungu, jibu "Amina" kwa moyo mweupe.

Mchungaji aliyetubariki ndoa ameonekana kuwa mwovu. Baraka yetu imefutika?

Haikufutika. Afrika ya Kaskazini ililijadili hili katika karne ya 4 na ya 5, na Agustino, askofu wa Hippo, akasimama upande wa waliosema kwamba kazi ni ya Kristo, si ya mkono uliotumika. Ninyi hamna haja ya kurudia. Yeye ana haja ya kutubu, na waliodhulumiwa naye wana haki ya kusikilizwa kanisani na mbele ya sheria.